Kijiko cha Chumvi kwenye Nyama ya Mkebe

Galbet, Garissa
Jumapili, baada ya alasiri

Baba yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Barua hii nimempa yule kondakta wa basi la Malindi anayekuletea vitambaa. Najua utaigeuza mbele na nyuma kabla ya kuifungua, ukihofu kwamba ndani kuna jambo baya. Hakuna. Mimi mzima, Babu mzima, mama mdogo Sahra mzima. Vipi mgongo wako? Bado unainamia cherehani mpaka magharibi? Na mdogo wangu Mishi anakubali kusukwa na jirani, au angali anakimbia? Juzi nilimwota ana nywele timutimu. Sikuamka na huzuni. Niliamka tu.

Naandika kwa sababu ya simu. Kila ukipiga unasema halo, halo, Zuhura, wanisikia? Kisha simu inakatika, na jioni unaniandikia ujumbe kwamba mtandao wa Garissa ni mbaya. Mtandao ni mzuri, Baba. Mimi ndiye ninayekata. Nakusikia vizuri kabisa, hata mkasi wako ukiuweka mezani nausikia. Nafungua kinywa na hakuna kinachotoka. Nisamehe kwa kukuacha uulaumu mtandao wiki zote hizi. Kwenye karatasi naweza kidogo, kwa hiyo nitaanza na mambo rahisi.

Siku za huku zinafanana. Asubuhi wanakuja punda wa maji, najaza mapipa mawili, nafagia ua, naoka mikate ya anjera pamoja na mama mdogo. Mchana joto linatuingiza ndani na hatutoki mpaka adhana. Kwenye ukuta wa jirani kuna korongo wakubwa wanaosimama mchana kutwa bila kufanya lolote. Nawaelewa. Watu wa hapa ni wema. Wananipa chai ya maziwa ya ngamia inayonukia moshi na kuniuliza kama ni tamu, nami nasema ndiyo. Ukweli ni kwamba tangu nitoke shuleni sijasikia ladha ya kitu chochote. Chai ni moto, anjera ni laini, basi. Sijamwambia mtu. Naona haya, na pia sioni kama ni jambo kubwa.

Mama mdogo hapa naambiwa nimwite Habaryar, na Babu nimwite Awowe. Nao wakiniita, wananirudishia jina lilelile: Awowe ananiita Awowe. Ndiyo desturi yao, na sasa nimeelewa kwa nini Mama alikuwa akiniita hooyo wakati yeye ndiye mama. Kisomali changu ni cha kusikia tu, kwa hiyo Awowe huniongelesha kwa Kiswahili chake cha jikoni za zamani.

Nilipofika, yeye alikuwa ameacha kula chakula. Habaryar alinieleza kwamba tangu wapigiwe simu kuhusu Mama alikuwa akinywa chai na tende tatu, mwisho. Kila mchana nilimsikia akimbembeleza baba yake kwa maneno yaleyale.

"Aabe, kula."

"Nimekula."

"Umekula saa ngapi?"

"Jana."

Habaryar alikuwa akichukua sahani, anaenda nyuma ya nyumba, anakaa huko kitambo kabla ya kurudi. Mwili wa Awowe ulikuwa unapungua hata kofia ikaanza kumshuka kwenye nyusi.

Wiki iliyopita tulikwenda mjini na Habaryar kununua sabuni, na kwenye rafu ya duka niliona mikebe ya nyama ya ng'ombe yenye alama ya halali. Tuliporudi nilimtajia Awowe, ili tu niwe na la kusema. Akainuka kwenye mkeka.

"Nyama ya mkebe? Ile ya kufungua na ufunguo hapa kando?"

"Ndiyo, Awowe."

"Nani alichinja?"

"Imeandikwa halali."

"Nani aliandika?"

"Aabe," akasema Habaryar, "unataka wakuletee na mchinjaji ndani ya mkebe?"

"Mimi nauliza mtoto. Wewe sikuuliza."

Kisha akasema ninunue moja.

Nafikiri unajua kwamba Awowe alikuwa mpishi wa Bwana DC zamani za wakoloni. Alianza kuosha vyombo akiwa na umri kama wangu, halafu akapewa jiko. Lakini huenda hujasikia hili. Mvua ikinyesha na barabara ya Nairobi ikikatika, wale wazungu walikula nyama ya mkebe kutoka kwao, huku mbuzi wamejaa nje ya ua. Awowe aliwapikia miaka saba na hakuwahi kuonja hata punje, kwa sababu hakujua nani alichinja. Ya nguruwe hakuigusa. Memsahibu, mke wa DC, aliifungua mwenyewe. Ya ng'ombe aliipika kwa pua na kwa macho. Sahani ikirudi tupu, alijua amepatia.

Alinituma nitoe kitabu kwenye sanduku lake la bati. Memsahibu alimwachia alipokuwa anaondoka. Kitabu hakina jalada tena na mchwa wamekula pembe, lakini picha bado zina rangi: nyama ya mkebe imesimamishwa kama tofali na kuzungushiwa mananasi, nyama ya mkebe imefunikwa mayai, nyama ya mkebe ndani ya kitu kinachong'aa kama kioo. Kandokando kuna alama za penseli za Awowe. Hajui kusoma Kiingereza, kwa hiyo memsahibu alikuwa akimsomea kwa Kiswahili cha kubahatisha naye anachora: jua ni moto mkali, duara ni yai.

Nilimwonyesha ile inayong'aa.

"Hii nilipika mara moja tu," akasema. "Memsahibu anataka ikae kwa sahani kama barafu. Hapa Garissa. Nilipofika mezani ilikuwa supu."

Tukachagua ile ya viazi. Utaijua, Baba. Chini nyama na vitunguu, juu viazi vya kuponda, moto juu na chini. Ndiyo ile Mama aliyokuwa akitupikia kwa nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaushwa ambayo Habaryar alikuwa akitutumia imezama kwenye samli. Awowe alimfundisha hivyo akiwa msichana, akaondoa mkebe na kuweka nyirinyiri. Sisi tuliiita viazi vya Babu. Wewe ulikuwa ukila na gilasi ya maji mkononi, unakula kijiko, unakunywa, unakula kijiko, unakunywa, na Mama anauliza kama anaongeza, nawe unasogeza sahani.

Awowe alikaa jikoni kwenye kiti cha plastiki, mimi nikasimama na kitabu. Nilikaanga vitunguu kwa samli, nikaivuruga nyama kwa uma, nikatia pilipili manga na maji kidogo. Viazi nilivichemsha na kuviponda kwa maziwa.

"Sasa chumvi," akasema. "Kijiko. Jaza. Jaza, usiogope."

Nilikuwa nimeshashika kijiko. Niliangalia kitabuni kuhakikisha, maana unanijua, siwezi kufanya kitu bila kuhakikisha.

"Awowe, hapa wanasema tusitie chumvi."

"Soma tena."

"Wanasema nyama ya mkebe imeshatiwa chumvi ya kutosha kiwandani. Tusiongeze."

Memsahibu labda aliuruka mstari huo, au alidhani mpishi yeyote angejua akionja. Awowe aliutazama mkebe mtupu, akautia kidole ndani, akakinusa.

"Basi ndiyo maana Bwana DC alikuwa anakunywa maji namna ile," akasema. "Mimi nilifikiri ni joto la Garissa."

Habaryar alicheka mpaka akashika mlango. Sikuwa nimemwona akicheka tangu nije. Awowe hakucheka.

"Miaka saba," akasema. "Sahani inarudi tupu. Memsahibu anasema vizuri sana, mpishi, vizuri sana. Hakuna mtu aliniambia."

Unajua mimi sisemi watu wazima wakisema. Siku hiyo nilisema. "Labda hawakutaka kukuumiza, Awowe."

"Najua hawakutaka. Walinipenda." Akageuza mkebe, akauweka chini. "Lakini mimi ndiye mpishi. Mimi ningetaka kuambiwa."

Baba, nilibaki nimeshika kijiko. Sikuwa nafikiri kitu. Ila lile neno lake halikunitoka kichwani.

Siku mliyomzika Mama mimi nilikuwa nafanya mtihani wa jiografia. Nilichora ramani na kuupaka mto rangi ya samawati kwa uangalifu, na nakumbuka nilifurahi kwa sababu rangi haikutoka nje ya mstari. Baada ya siku kumi na moja, nilipomaliza karatasi ya mwisho, mwalimu wa zamu aliniita ofisini akaniambia. Aliniambia pia kwamba ninyi nyumbani ndio mliomwomba asubiri. Nilimshukuru. Nilirudi bwenini nikakunja shuka, nikafunga sanduku vizuri. Nilipofika nyumbani matanga yalikuwa yameisha, vyombo vya kuazima vimerudishwa, nguo zake zimegawiwa. Mlinipa leso moja. Nilikuwa kama mgeni aliyechelewa.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Kila mtu ananieleza: baba yako alikuhurumia, alitaka umalize. Nami nawajibu ndiyo, na si uongo. Ungeniambia, pengine nisingeandika kitu. Lakini mimi pia ningetaka kuambiwa, Baba. Mimi ndiye mwanawe. Hilo ndilo linalokaa kooni ukisema halo. Nimeliandika sasa bila kufuta, kwa hiyo nafikiri ni salama wewe kulisoma.

Nimalizie habari ya chakula. Tuliivisha kwa kufuata kitabu, bila chumvi. Awowe alinawa, akapiga bismillahi, akaonja kwa mara ya kwanza maishani kitu alichokipika miaka saba. Alitafuna muda mrefu.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo hii, Awowe."

"Mimi siku zote nilidhani kuna utamu nimenyimwa," akasema. "Lete chumvi."

Nikaleta. Alitia kijiko kile kile cha kujaza, akachanganya mwenyewe viazi na nyama mpaka sahani ikawa haina sura, akaonja tena. "Sasa hii ni ya mama yako," akasema, na akala. Alikula sahani nzima. Habaryar alijifanya anakunja nguo, shuka ileile mara tatu, ili asimtazame.

Nami nikala. Baba, ilikuwa chumvi tupu. Niliisikia ulimini, halafu kwenye mashavu, halafu kooni. Ni kitu cha kwanza nilichokionja tangu siku ile ya ofisini. Sikulia, wala sitasema nilifurahi. Nilikunywa gilasi mbili za maji, kama wewe, na nilipoweka gilasi ya pili nikajiuliza kama uliwahi kumwambia. Nadhani hukuwahi.

Kesho yake Awowe alirudi kwenye chai na tende, ila safari hii aliomba na anjera. Habaryar anasema tusishangilie kabla ya wakati. Hatushangilii.

Kondakta atakupa pia kibuyu kidogo cha nyirinyiri. Mkebe huna haja nao. Vitunguu viwili, vikaange kwa samli ya mlemle kwenye kibuyu. Tia nyirinyiri na maji kidogo, ziache zilainike. Viazi chemsha na maganda, Mishi aviponde, anapenda kuponda. Panga kwenye sufuria, funika, weka makaa juu ya kifuniko mpaka kando zigeuke rangi. Chumvi ni kijiko cha kujaza. Usipunguze. Kama itakushinda, sema imekushinda, ila uitie.

Nisalimie Bibi, umwambie ile leso ya Mama aliyonipa nimeitumia kama mto na sijaichana. Nisalimie jirani anayemsuka Mishi, na fundi mwenzako wa mlangoni. Mishi mwambie korongo wa huku ni wakubwa kumshinda. Habaryar anakusalimu na anauliza viatu unavaa namba ngapi. Awowe nilimsomea kipande cha viazi tu, hiki kingine sikumsomea. Anasema: mkwe aliyekula chumvi yangu miaka yote hiyo bila kusema neno, mpe salamu, na umwambie angesema.

Ijumaa ukitoka msikitini nipigie. Nitapokea. Huenda mwanzoni nisiseme kitu. Usiseme halo, halo, nitakuwa nakusikia. Wewe nieleze tu ile siku ya Mama, kuanzia asubuhi, nani alikuja, nani alimwosha, mlipita njia gani kwenda makaburini. Usiruke mstari.

Sitakata.

Mwanao,
Zuhura