Ng'ombe wa Derick

Xiaobei, Guangzhou
Agosti 2009

Dada Odilia,

Shikamoo. Anayekuandikia ni mdogo wako ambaye Wachina wenyewe humpisha njiani wakimwita laoban, yaani bosi. Kontena la Bukoba haliondoki huku mpaka mimi nikohoe. Miguu imepungua uvimbe? Usingizi sikuulizi.

Gaudence anayekupa barua hii ndiye aliyemsindikiza mwanao ndani ya ndege. Najua ulinitafuta kwa macho pale uwanjani. Mjomba ndiye aliyemchukua kwako, mjomba ndiye alipaswa kumrudisha.

Siku ile tulikuwa tunafunga marobota ya nguo, askari wa pasipoti wakapanda ghorofani. Derick alipita dirishani, akakanyaga chuma cha kiyoyozi, kikang'oka. Watakuambia nilipigana na askari sita. Walikuwa wanne.

Mkifungua jeneza usishtuke, ana ng'ombe wa udongo chini ya mkono. Wafu wa zamani wa huku walizikwa na farasi, ngamia na mbwa wa udongo, wasiende peke yao. Kuna mzee anauza vilivyofukuliwa makaburini. Nikamwambia nataka ng'ombe wa miaka elfu, mtoto wa Kihaya haendi na ngamia. Akacheka, akasema vitu hivyo haviruhusiwi kutoka nchini, Gaudence angefungwa na jeneza lingebaki. Nilibishana naye mpaka akafunga duka. Basi, ng'ombe nikapata.

Sasa nikuambie, dada. Kilichonizuia kuja naye si biashara. Viza yangu ilikwisha tangu mwaka jana, na ya Derick vilevile. Nilimwambia atulie, nitazungumza na wakubwa. Hakuna mkubwa ninayemjua. Hata mochwari sikuingia. Nilisimama ng'ambo ya barabara, Gaudence akaenda kumtambua, akamvisha, akamwekea ng'ombe.

Nisalimie wazee wa ukoo. Wakinisema msibani, waache waseme, ila Mama asisikie. Mtupieni kaburini konzi moja ya udongo kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Theophil

N.B. Ng'ombe yule si wa makaburini. Ni kibubu cha watoto, nilimnunua mtaa wa Yide Lu kwenye maduka ya midoli, tundu la mgongoni nikaliziba kwa nta ya mshumaa. Kabla ya hapo nilitia sarafu moja kumjaribu, ikagoma kutoka. Mkimbeba Derick mkasikia kitu kinagonga ndani, msiogope, ni hiyo.