Nilimsimulia Mwisho wa Kitabu Nisichokisoma

Shangazi, shikamoo. Kwa miaka mingi nimesoma safu yako hii wagonjwa wakisubiri zamu zao, na wakati mwingine nikiwacheka wanaokuandikia, nikisema mtu mzima anawezaje kuingia kwenye tope kama hili kwa miguu yake mwenyewe. Leo ni mimi, na tope limenifika kiunoni, tafadhali nishike mkono.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, niliachana na mume wangu zamani, na ninaishi na mama yangu ambaye mwaka jana alipooza upande mmoja. Tangu ujana wangu napenda riwaya za kubuni za kisayansi na za mazimwi, yaani vyombo vya angani, sayari zenye miezi mitatu, falme zilizofichwa chini ya maji, vitu ambavyo kaka yangu anasema ni vya watoto. Miaka sita iliyopita nilijiunga na kikundi cha simu cha wasomaji wa vitabu hivyo, tuko kama ishirini na tano, na utaratibu wetu ni kwamba kila tarehe mosi kila mtu anaweka mpango wake wa mwezi, vitabu vinne, vitano, anavyokusudia kusoma na kwa nini, halafu mwisho wa mwezi tunaulizana nani kamaliza na nani kaishia njiani, na Jumamosi nyingine tunakutana ana kwa ana, tunaazimana, tunabishana, tunacheka mpaka mbavu ziume. Mimi huko naitwa Kimondo, kwa sababu nilikuwa nasoma kwa kasi kuliko wote.

Basi mama alipougua mambo yakageuka. Nikitoka kazini namwogesha, namlisha, namnyoosha mkono kama nilivyoelekezwa hospitali, na nikifungua kitabu nasoma sentensi ile ile mara nne halafu macho yanagoma. Mwezi wa kwanza nilijiambia nitafidia, wa pili nikajiambia hivyo hivyo, wa tatu nikaweka mpango wa vitabu vitano nikijua kabisa kwamba sitafungua hata kimoja. Shangazi, ile orodha ilikuwa kitu pekee nilichobaki nacho ambacho si vidonge, si nepi za mtu mzima, si “dada, daktari anafika saa ngapi?” Nikawa nasoma maelezo ya nyuma ya jalada, napitia maoni ya wengine, na mwisho wa mwezi naandika “kimenigusa” au “hapa mwandishi kajitahidi”, na watu wananiamini.

Ningeishia hapo nisingekusumbua. Lakini kikundini kuna mzee mmoja tunamwita Rubani, ingawa hajawahi kuendesha ndege, ni fundi wa lifti mstaafu, mwenyewe husema amepanda juu maisha yake yote na kila siku akarudi pale pale chini. Mke wake alifariki miaka miwili iliyopita, na mke ndiye aliyekuwa akimchagulia vitabu, kwa hiyo Rubani hakuwa anaweka mpango wake, alikuwa anaandika tu chini ya wangu: “Nami nafuata wa Kimondo.” Nilidhani ni utani. Kumbe mzee anakitafuta kila kitabu, anakisoma chote, ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi, “Mwanangu, umefika pale daraja linapokatika?” nami namjibu, “Nimefika mzee wangu, moyo ulinienda mbio.” Miezi minane, Shangazi, miezi minane nadanganya mtu ambaye hajanikosea kitu.

Mwezi uliofuata akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kwanza halafu la pili, akakatazwa kusoma kwa wiki kadhaa. Wakati huo alikuwa amebakiza kama kurasa hamsini za riwaya ya juzuu tatu niliyoiweka mimi kwenye mpango, inahusu chombo cha angani kilichosafiri vizazi vinne, na ndani yake kuna bibi mmoja, fundi mitambo, ambaye wenzake wanaondoka kwa haraka na kumwacha peke yake kwenye mwezi mtupu. Akanipigia simu saa ya chakula.

“Mwanangu, wewe umeshamaliza. Niambie neno moja tu. Yule bibi wanamrudia au wanamwacha?”

Mbele yangu kulikuwa na mgonjwa mwenye shavu lililovimba na fomu haijajazwa, na sauti ya mzee ilikuwa ya mtu anayesubiri majibu ya daktari, nikajikuta nasema, “Wanamrudia, mzee.”

“Wanamrudia kweli? Basi nisimulie. Taratibu, usiruke kitu.”

Nikasimulia. Siku tano mfululizo, saa ya chakula, nimekaa stoo juu ya maboksi ya glavu, natunga huku nazungumza, nikamtengenezea nahodha mbishi, nikawapigisha abiria kura, nikageuza chombo kizima na mafuta yanaelekea kuisha, nikampa yule bibi redio aliyoiunga kwa mabaki ya pampu, na siku ya tano wakamkuta hai, amekasirika, anawauliza mmechelewa wapi. Rubani alicheka, kisha akalia. Akaniambia jambo ambalo anasema hajamwambia hata mwanawe, kwamba siku mke wake alipoanguka yeye alikuwa anawatoa watu walionasa kati ya ghorofa ya sita na ya saba, simu iko mfukoni mwa koti, koti liko chini, na alipofika hospitali mke alikuwa ameshakata roho. Akasema, “Nimefurahi kwamba kuna mahali watu wamerudi kwa wakati.”

Sasa sikiliza. Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kiongozi wetu, mwanamama mfamasia tunayemwita Katibu, ameandika: “Kimondo, kitabu kile nimekisoma mara mbili. Bibi wanamwacha. Rubani ameomba mkutano wa Jumamosi azungumzie bibi anavyorudiwa. Sijamwambia mtu. Wewe unasemaje?” Sijamjibu. Mzee ameniambia wiki hii anaruhusiwa kusoma. Kaka yangu anasema nitoke kwenye kikundi, nibadilishe namba, yaishe. Nafsi nyingine inaniambia nimwombe asizisome zile kurasa, abaki na mwisho wangu, kwani unamdhuru nani? Nifanye nini?

Ni mimi, Kimondo

SHANGAZI ANAJIBU

Kimondo mwanangu, marahaba. Mkutano haukuweza kulisubiri gazeti, kwa hiyo nilikupigia simu siku ile ile, na haya ndiyo niliyokuambia.

Kwanza pole kwa kuuguza. Kumwogesha mzazi kila jioni baada ya kazi ni mzigo, na mtu aliyechoka kusoma hajamkosea yeyote. Hakuna polisi wa vitabu. Kama ungeandika tarehe mosi, “Jamani, mwezi huu sina nguvu,” wale watu ishirini na tano wangekupa pole na maisha yangeendelea. Hukuandika kwa sababu ulilipenda lile jina la Kimondo. Tuliseme wazi, maana barua yako imelizungukia mbali.

Pili, hukumsimulia mzee uongo kwa huruma peke yake. Neno la kwanza, sawa, lilikutoka. Lakini siku tano? Siku ya pili ulikuwa na saa ishirini na nne za kutafakari, ukaenda tena kukaa juu ya maboksi. Ulikuwa unafurahi. Na usije ukaniambia umegundua kipaji! Hilo tutalizungumza ukishaomba radhi.

Kuhusu kumwomba asisome: huyo ni mtu mzima, ametoka kufanyiwa upasuaji wa macho yote mawili, halafu wewe umchagulie cha kutazama? Acha. Na kaka yako mwambie hivi: mzee huyo ameshafiwa na mtu aliyekuwa akimchagulia vitabu, wa pili naye apotee kwa kubadilisha namba? Tena wakati kaka ana hamu ya kutoa ushauri, mpe kazi. Jumanne na Alhamisi jioni aje amlishe mama yake. Mama ni wenu wote wawili.

Sasa fanya hivi. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, mchana, kwa miguu yako, si kwa simu. Usichukue zawadi, usitangulize ugonjwa wa mama, kwa sababu atakuonea huruma kabla hajapata nafasi ya kukasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Mwambie: sikukisoma, mwisho nilitunga, na vingine vyote vya miezi minane sikuvisoma. Halafu nyamaza. Akikufukuza, ondoka kwa heshima. Mjibu Katibu leo hii, mwanamke huyo amekustahi kuliko ulivyostahili. Na tarehe mosi weka mpango wa kweli, hata kama ni kitabu kimoja, hata kama ni nusu.

BARUA YA PILI

Wiki tano baadaye Kimondo aliniandikia tena, na ameniruhusu kuichapa.

Shangazi, nilikwenda Alhamisi mchana, nikaomba ruhusa kazini. Nilimkuta Rubani mezani, miwani mipya puani, kitabu kimefungwa mbele yake. Sikuwahi hata kukaa.

“Nimesoma jana,” akasema. “Wanamwacha. Nikarudi nyuma mara tatu nikidhani kurasa zimegandana.”

Nikamwambia yote kama ulivyoniagiza, pamoja na ya miezi minane, halafu nikanyamaza. Ilikuwa kazi kubwa kunyamaza. Mzee aliipangusa miwani muda mrefu mno. Kisha akasema, “Mwisho si neno. Mtu anaweza kutunga mwisho. Lakini mimi nilikuwa nasimama katikati ya kitabu nawaza, Kimondo naye yuko hapa. Kumbe nilikuwa peke yangu.”

Nilisema, “Nisamehe, mzee wangu.” Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe. Akanisindikiza mpaka mlangoni kama mgeni.

Jumamosi hakuja mkutanoni. Mimi nilikwenda, nikawaambia wenzangu kwamba nimekuwa nikiweka mipango ya uongo, yale aliyoniambia kuhusu mke wake nikayaacha kifuani. Wengine walicheka, mmoja alikasirika na bado amekasirika. Katibu aliniongezea chai bila kusema kitu. Kaka alikuja Jumanne, akachelewa, lakini alikuja, na mama akamlalamikia kwamba kijiko anakijaza mno.

Wiki mbili Rubani hakuandika neno. Tarehe mosi nikaweka mpango wangu: “Kitabu kimoja, kifupi kuliko vyote nilivyo navyo. Nitasoma Jumanne na Alhamisi. Sijui kama nitamaliza.” Niliona ameusoma. Kesho yake asubuhi akaandika chini: “Ninacho hicho. Nitaanza Jumanne.”

Jumanne kaka akiwa na mama chumbani, nikakaa sebuleni nikasoma kweli, kwa kidole, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Simu ikalia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Yule mlinzi wa lango, mbona anawadanganya wageni? Mimi simwelewi.”

Nilitazama kitabu, nikatamani sana kusema nami pia simwelewi.

“Mzee wangu, mimi sijafika kwa mlinzi. Niko ukurasa wa nne.”

Nikasikia karatasi zikifunuliwa, nyingi, moja baada ya nyingine.

“Haya,” akasema, “na mimi niko wa nne. Soma.”