Hodi Kwenye Shimo la Msingi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Salha Habibu Hanifu
Umri: Miaka 23
Kabila: Mrangi
Kazi: Karani wa nyaraka, kampuni ya ujenzi
Makazi: Chang'ombe, Dodoma
Tarehe: 16/10/2025, saa 5:05 asubuhi

Afande, kabla sijaanza naomba kila neno nitakalosema libaki humu ndani. Msimamizi wangu akijua nimefika hapa nitapoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi. Lakini nisiposema, mlinzi asiye na kosa ataendelea kukaa mahabusu, na baba yangu mkubwa atafunikwa kwa zege leo saa 7:00 mchana.

Baba mkubwa anaitwa Hamidi Hanifu, miaka 71, mkulima wa Kolo, Kondoa. Alikuja kunitembelea tarehe 13 kwa sababu hakuwahi kuyaona makao makuu ya nchi. Mnamo tarehe 14, siku ya sikukuu, saa 3:00 asubuhi, nilimpeleka Mtumba kwa bajaji. Alitazama maghorofa ya wizara, akacheka. Alisema, "Mwanangu, mmejenga kila kitu, mmesahau kivuli."

Saa 4:20 tulifika kwenye kiwanja tunachojenga, nje kidogo ya Mtumba. Nilitaka aone ninapofanya kazi. Hapakuwa na mtu ila mlinzi, Meshack.

"Mbukwa, mzee! Karibu Ugogoni," Meshack alimwambia. "Siku hizi huku hata mbuzi anatembea na kitambulisho."

"Basi mie nitarudishwa," baba mkubwa alimjibu. "Changu nimekisahau Kolo."

Ukutani mwa shimo la msingi, katapila lilikuwa limepasua mwamba siku mbili kabla, pakabaki uwazi wa kimo cha mlango wa zizi. Ndani, palipofika jua, palionekana watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Baba mkubwa aliacha kucheka. Alisema michoro kama ile ipo kwao, na kwamba mahali pa namna hiyo mtu huvua viatu, hupiga hodi na kungoja. Asipojibiwa, huondoka. Aliniuliza kama tuliwauliza wenyeji kabla ya kuchimba.

Afande, fomu ya ukaguzi ina swali hilo hilo: je, wenyeji wameulizwa kama pana mahali pa tambiko? Niliijaza mimi. Mzee wa kuulizwa alikuwa kijijini Buigiri, na siku ile jua lilikuwa kali. Nilinakili jibu la kiwanja cha jirani: "Hapana." Nikagonga muhuri.

Baba mkubwa alivua kandambili zake, akapiga hodi mara moja. Sauti ilijibu kutoka ndani, "Karibu." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake namtazama, na mdomo wake ulikuwa umefumbwa. Meshack naye alisikia, akarudi nyuma hatua mbili. Nilimshika baba mkubwa mkono. Aliutoa taratibu, akasema, "Nimeshapiga hodi, Salha. Nimekaribishwa. Nitaondokaje?" Akainama, akaingia.

Tulingoja nusu saa. Meshack aliingia na tochi, akatoka mara moja. Alisema lile pango ni la hatua tatu tu, kisha ni mwamba mtupu. Nyayo za mzee zilikwenda mpaka kwenye mwamba. Za kurudi hazikuwapo. Nilimwomba Meshack atunze zile kandambili.

Nilimpigia simu msimamizi, Bwana Halfani. Alifika saa 6:40 mchana, akachungulia bila kushuka shimoni. Alisema, "Mzee wako yuko sokoni anashangaa magari." Nilipobisha aliuliza, "Na ile fomu alijaza nani, Salha?" Nikanyamaza. Huko ndiko kukosa kwangu kwa pili.

Tarehe 15, saa 2:10 asubuhi, nilikuta uwazi umejazwa kifusi. Meshack alikuwa amekamatwa kwa tuhuma za kumpoteza mzee, kwa sababu alikutwa na kandambili zake kibandani. Nathibitisha kuwa nilimpa mimi.

Simu ya baba mkubwa ni kitochi, hukaa na chaji wiki nzima. Jana niliipiga mara nyingi, ikaita bila kupokelewa. Leo saa 1:40 asubuhi ilipokelewa. Alisema, "Salha, mbona mmefunga mlango? Watu wanataka kutoka." Nyuma yake nilisikia watu wengi wamenyamaza. Sijui niseme vipi, afande. Nilisikia wanavyopumua.

Agizo la zege nililiandika mimi, na nakala ninayo hapa. Naomba lizuiwe, kifusi kitolewe, na Meshack aachiwe. Kuhusu fomu, nitashtakiwa nikistahili.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Yaliyozidi hapo siyajui.

Nikihitajika, msipige simu ya ofisini. Nitakuwa Mvumi kwa mama mdogo Tabu, nyumba ya tatu kutoka geti la hospitali, yenye mlango wa bluu. Aje askari wa kike asiyevaa sare, apitie uani, aseme ametumwa kuchukua mkeka.

Sahihi ya shahidi: S. H. Hanifu

Nimeyaandika kama alivyoyatamka, nimemsomea, ameridhika na kusaini mbele yangu. Saa 6:15 mchana nimempigia msimamizi, bila kumtaja shahidi, nikamwamuru asimamishe kazi. Amejibu kuwa lori la kwanza limewahi na limeshamwaga. Naelekea kiwanjani na askari wawili na sururu.

Koplo Yudith