Babu, Yona Wako Ametoka kwa Samaki

Shikamoo Babu,

Huku Malaba kwa Shangazi nimeona opera yako ya Yona! Kwaya ilipata nota zako ndani ya sanduku la kanisa, zile ulizoziacha ulipochekwa zamani. Wamecheka tena kidogo. Yona aliimba beti tisa tumboni mwa samaki, mpaka mama mmoja muuza omena akapaza sauti, "Toka basi, boss, omena yangu imeshakauka!" Lakini alipotoka, kanisa zima liliimba naye. Halafu padri akasema tumwombee marehemu mtunzi. Unajua haya zangu, lakini nilisimama. "Padri, hajafa. Ni babu yangu, yuko Bukhayo." Vigelegele! Jumapili wanakuja kuhakikisha. Tafadhali Babu, vaa viatu.

Anayekupenda na beti zako zote tisa,
Nekesa