Alipozaliwa Sandrine

Arlington, Texas, 9 Februari

Mama mkwe, shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, mgongo tu. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Kazini nagonga mbao na Mzee Vang, Mhmong, mtu wa milima ya Laos. Jirani yake alifariki, nikaenda kubeba viti. Siku tatu, ngoma na zumari la mianzi. Mzee Vang ndiye aliyemwimbia marehemu njia: Fort Worth, kambi ya Thailand, kijiji kwa kijiji kurudi nyuma, mpaka kondo lake la nyuma lilipozikwa, chini ya kitanda cha wazazi. Marehemu analivaa kama shati, ndipo wazee wake wanampokea.

Nimemwomba amwimbie na marehemu Sandrine wetu. Kanicheka: "Mke wako Mwafrika, atapotelea Laos!" Halafu kakubali. Naijua Arlington, Houston, kambi ya Kigoma. Nyuma ya hapo sijui. Kondo lake ulilizika wapi?

Mkweo, Melkiori

Sharpstown, Houston, 2 Machi

Melkiori, salamu. Magoti inauma, asante. Ulizika mtoto wangu Alhamisi, miye nikafika Ijumaa. Sasa unataka umupitishe njia ya wapagani? Alibatizwa. Usiniandikie tena.

Anastasie, mama yake

Arlington, 20 Juni

Mama mkwe, shikamoo. Pole na joto. Umenikataza, naandika. Ile Alhamisi nilikosa.

Mzee Vang yuko hospitali, mapafu. Anasema asipopataja mahali pa mwisho, Sandrine atabaki kambini. Unajua alivyopachukia. Jina la kijiji tu, mama.

Mkweo, Melkiori

Sharpstown, 14 Septemba

Mwanangu Melkiori, uko muzima? Unakula?

Hakuna kijiji. Tulikuwa tunakimbia vita, nikamuzaa njiani, kwa mvua. Wenzangu wakasema, "Anastasie, simama, twende." Kondo niliacha ndani ya majani. Sikufukia hata na mguu. Ile kilima sijui jina. Sandrine aliniuliza miaka yote, nikamudanganya.

Ambia ule mzee: kilima, mvua, majani. Aimbe hivyo. Itawezekana?

Mama yako

Arlington, 19 Septemba

Mama, shikamoo. Barua imefika. Mzee Vang alifariki Agosti. Wanawe walokole, walimzika kwa saa moja, piano, basi. Wa kumwimbia yeye hakupatikana.

Jumapili nilienda kaburini kwa Sandrine. Kuimba sijui, nikataja tu. Arlington. Houston. Kambini. Kilima kisicho na jina nakiitaje, mama? Nikasimama, nikasimama. Hapo kambini ndipo nilipomwacha.

Mwanao, Melkiori