Konzi ya Vidole Vitatu

Mpendwa mama,

Mwalimu wa kanisa atakayekusomea barua hii, namwomba asiisome mbio. Na wewe ukae kwanza. Najua hupendi kuambiwa ukae. Habari zote ulizipokea umesimama, hata ile ya lori. Lakini leo kaa.

Nianze na unayoyajua. Unakumbuka kule Subukia, kwenye shamba la mzungu, kila mvua ikiisha ulivyotupanga watoto wa kambi kwenye mstari asubuhi, tumbo tupu, kila mmoja na kikombe chake? Mbegu za mugaita, ule mti wa dawa ya minyoo, ulikuwa umezianika juu ya gunia mpaka zikafanana na pilipili manga. Ulichota konzi moja kwa kila mtoto, ukaitwanga, ukaikoroga kwenye uji. Ulituambia ni tamu. Mama, ulikuwa mwongo. Ilikwaruza koo, na kabla ya saa sita nyuma ya mabanda palikuwa pamejaa watu waliochuchumaa. Minyoo ikatoka, tukachekana, ukatupa maziwa.

Hukumpa kila aliyekuja. Mwenye mimba ulimrudisha kwake. Mtoto mwenye homa ulimwambia aje ikishapoa, na asiyeweza kukimbia hukumpa kabisa, hata mama yake akikasirika. Mke wa mzungu aliita dawa yako uchafu, kisha akamtuma mpishi aje kuichukua kwa mlango wa nyuma, na hata yeye ulimuuliza ni ya nani na ana umri gani. "Dawa na sumu hunywewa kikombe kimoja," ulikuwa ukisema. "Kazi ni kujua mkono." Nilidhani ninaujua.

Walipowachukua watu wa kambi wakati wa Hali ya Hatari na kuwarudisha kwenye hifadhi ya kabila letu, mimi nilikuwa tayari Nakuru, mke wa mtu wa reli ambaye si wa kabila letu, nikabaki kwa jina lake. Wewe ulipanda lori na sufuria moja na mfuko wa mbegu. Nyambura wangu alikuwa na miaka miwili. Nilikuwa nimempa jina lako, na kwa desturi yetu nikawa namwita mama, nawe ukamwita mwenzangu. Lori lilipopita Nakuru ulimpungia mkono kutoka juu yake ukasema, "Mwenzangu, nitunzie huyu msichana wangu." Msichana wako nilikuwa mimi. Tangu siku hiyo mimi sina ruhusa ya kuja huko na wewe huna ruhusa ya kutoka.

Alitimiza miaka mitano. Tumbo likaanza kuvimba, shingo ikawa nyembamba, usiku anasaga meno. Nikajua ni minyoo, kwa sababu ulinifundisha kuitambua. Nikamtuma kwako Mama Zainabu wa Bondeni, yule anayeuza kanga na ana pasi ya kwenda anakotaka. Akarudi na mbegu zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa.

"Bibi amesema konzi moja," akaniambia. "Asubuhi, mtoto hajala kitu. Moja tu, usizidishe."

Alirudia mara mbili. Hana kosa lolote yule mama, maneno yako aliyabeba kama mayai.

Sikuzidisha. Nilichota, nikafumba vidole, zilizochomoza nikazirudisha kwenye kitambaa. Nikatwanga, nikakoroga uji, nikamwambia ni tamu. Akanywa wote akanitazama, akasema, "Si tamu." Nikacheka. Nilicheka, mama, kwa sababu alisema kwa sauti yako.

Kufika saa nne alikuwa anatapika. Saa sita hakuweza kusimama. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali, na dresa, yule msaidizi wa daktari, akaniuliza nimempa nini. Nikamwambia. Akauliza, "Kiasi gani?" Nikanyoosha mkono wangu, nikaufumba mbele ya uso wake, nimwonyeshe. Hapo ndipo nilipokiona kidole changu cha mwisho na jirani yake.

Wewe vidole hivyo huna. Mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe ilivichukua kabla sijazaliwa. Mkono wako wa kulia ndio mkono wa kwanza nilioujua duniani: ulinisuka nywele, ulinichapa, ulinilisha, na hata siku moja sikuuona kuwa umepungua. Kwangu ulikuwa mkono mzima. Konzi yako ilikuwa ya vidole vitatu, na mimi nikapima kwa vitano, tena kwa kiganja hiki kipana nilichorithi kwa baba. Na wewe umeishi na mkono huo muda mrefu hata nawe ukasahau kusema.

Nyambura alifariki siku ileile, jua likiwa bado juu ya paa za reli.

Ni miezi miwili sasa. Mume wangu alisema nisikwambie. "Wewe andika mtoto alishikwa na homa," alisema. "Maneno iishe hapo. Mama ni mzee, utamuua na yeye." Nikakubali. Nilitaka kukubali. Lakini wiki iliyopita Mama Zainabu alirudi kutoka kwako, na kabla sijampa kiti akasema, "Bibi anauliza kama mwenzake amepona." Kisha akaniambia, akidhani ananifurahisha, kwamba siku hizi akina mama wanakuja kwako kutoka mbali, kwamba unawafungia mbegu kwenye vitambaa na kuwaambia konzi moja, na wanaenda kupima wenyewe makwao.

Ndiyo sababu naandika. Ningeweza kukuficha huzuni, hata milele. Hili siwezi kulificha, kwa sababu hao wanawake wana vidole vitano.

Usidhani nakulaumu. Nimejaribu kukulaumu nikashindwa, nikajilaumu mwenyewe, na hiyo ndiyo lawama iliyobaki. Kanisani wananiambia Mungu amependa. Mimi nilikuwepo, na si Mungu aliyepima. Wengine wanasema nitapata mwingine. Sitaki mwingine. Kikombe chake nimekiosha na bado kinanuka ule uji, au ni pua yangu. Asubuhi naamka na neno "mama" mdomoni, halafu nakumbuka kwamba mmoja yuko ng'ambo ya ruhusa na mwingine yuko chini. Sioni litakaloniondolea hili, na sikuombi unitafutie dawa.

Chini ya karatasi hii nimechora mkono wangu wa kulia. Niliuweka hapo nikauzungusha kwa penseli, kidole kwa kidole. Mwalimu akimaliza kusoma, mwambie akupe karatasi, weka mkono wako juu ya mchoro, uone sehemu inayobaki wazi. Wakija akina mama kuomba mbegu, wawekee mkono wako hapo kwanza, nao waone.

Kaa salama, mama, kadiri utakavyoweza.

Ni mimi mwanao, ambaye mtaani bado wananiita

Mama Nyambura