Amina Zetu na Maji ya Mama

Tunduma

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na wifi hamjambo na nyumba ya wageni haikosi wateja. Mimi ni mzima, bado nawapikia madereva wa malori hapa mpakani. Barua hii nimempa mmoja wao, atalala hapo Mikumi. Nimetumia karatasi makusudi, maana karatasi haifowadiwi.

Kaka, nimechoka. Ile sauti uliyotuma kwenye grupu la ukoo, ya mtu anayejiita daktari, eti vidonge vya kutibu maji vinaharibu figo, uliitoa wapi? Nilipouliza ni daktari wa hospitali gani, shangazi akanirukia: "We Mariamu, unamhoji kaka yako mbele za watu?" Wengine wakajaza amina na vile vimikono vya kuomba. Nakuapia hakuna aliyeisikiliza mpaka mwisho! Wewe ndiye kifungua mimba. Ukisema, sisi tunaitikia. Ndivyo tulivyolelewa, lakini adabu haitibu maji.

Mama hana simu. Mdogo wetu Rehema ndiye aliyemsikilizisha, akamsomea na zile amina, jina baada ya jina. Mama akavitupa chooni vidonge vyote alivyopewa na zahanati, akaendelea na maji yake ya mtoni, na kipindupindu kimeshaingia kijijini kwetu Ulaya. Wewe uliambiwa anaumwa tumbo kidogo. Kidogo gani? Alibebwa kwenye baiskeli, macho yameingia ndani, akatundikiwa dripu huku Rehema akinililia kwenye simu. Siku hiyohiyo wewe unatutumia habari za tangawizi na vitunguu saumu! Nililia kwa hasira mpaka nikaunguza maharage ya watu.

Sasa karudi nyumbani. Rehema kampelekea vidonge vingine, kakataa. "Mwanangu wa kwanza alisema ni sumu, na ukoo mzima ukakubali." Mhudumu wa afya kambembeleza, mchungaji kambembeleza, wapi!

Kuifuta ile sauti hakutoshi, kaka. Panda gari uende Ulaya. Tia kidonge kwenye ndoo yake, subirini kifanye kazi, uchote, unywe yeye akikuona. Kisha mpe kikombe hichohicho.

Msalimie wifi yangu, mpika chapati asiye na mpinzani, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shangazi yetu naye msalimie sana. Mwambie safari hii sikukuhoji mbele za watu.

Mdogo wako, mwenye heshima na hasira,
Mariamu